Ganda Lililooshwa

Mkufu ulikuwa wa moto, na jiko la kuyeyushia shaba halijawashwa tangu jana.

Sonara aliuweka mezani, akavipuliza vidole. Ulikuwa mkufu wa maganda ya risasi, ameutengeneza kwa ajili ya maonyesho, mtu auvae ajue vita vina uzito gani shingoni. Ndivyo alivyowaambia waandaaji, nao wakampigia makofi. Hakuwaambia kwamba ganda moja lilikuwa la mama mkwe wake, mama wa mumewe.

Mama mkwe aliliokota chini ya mwili wa mwanawe wa mwisho, limeganda damu. "Nitobolee tundu nilivae, mwanangu," alisema. "Ila usilioshe." Lakini mkono wa sonara una mazoea yake: kila kinachofika mezani hutiwa kwanza kwenye tindikali. Alikuja kushtuka linang'aa, limeshachanganyika na mengine, halijulikani lipi ni lipi. Akayaunga yote kwenye mkufu, na aibu yake ikapata pa kujificha.

Sasa mama mkwe yuko sebuleni, amefuata chake.

Sonara akachukua ganda jingine la vitani, la mfu asiyemjua, kwenye kopo la mabaki, akalitoboa, akalisugua kwa udongo wa chungu cha maua. Kisha akajichoma kidole, akalidondoshea damu. Hakuwaza kwamba damu ya mtu hai, ikigusa kitu cha maiti, humfungulia mfu huyo mlango.

"Shemeji," mkufu ukanong'ona.

Harufu ya baruti ikapanda, na maganda yakaanza kugongana taratibu kama meno ya mtu mwenye baridi, na ile sauti, aliyoizoea kwa utani wa jikoni, ikawa inasema kwamba inamsikia mama akikohoa hapo sebuleni, kwamba ni karibu mno, kwamba imechoka kukaa na watu isiowajua, shemeji, nitoe, nipeleke kwa mama.

"Kimya," sonara akamwambia. "Utaniumbua."

Akauviringisha mkufu kwenye aproni, akatoka.

Mama mkwe alilinusa lile ganda la uongo, akalikumbatia kifuani. "Na mimi nilivyokusema moyoni! Nikajua kwa usafi wako ule, utalisugua kama sufuria. Unisamehe, mwanangu."

"Hamna neno, Mama." Macho yake yalikuwa sakafuni.

Jioni simu ikaita.

"Amerudi," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini, yenye furaha. "Amekaa kitandani kwangu. Sauti imekuwa nzito kidogo, na ananiita jina la mwanamke nisiyemjua. Naogopa kumgusa. Wewe ndiye uliyekuwa unamtunza. Niambie tu, ni yeye?"

Kule karakanani mkufu ulikuwa unalia ndani ya aproni. Sonara akaufunga mlango kwa mguu.

"Ni yeye, Mama."

Mwanamume akakohoa karibu kabisa na simu.

"Asante, dada," akasema.