Kipulizio cha Marehemu

Siku tano kabla ya onyesho la kuadhimisha miaka yake arobaini ya muziki, Mzee Mapafu alifungua sanduku la saksafoni akakuta mwanzi umelowa.

Mwanzi ni kile kipande chembamba kinachofungwa kwenye kipulizio, sehemu ya saksafoni inayoingia mdomoni. Mpigaji huulowanisha kwa mate kabla ya kupuliza, kisha ukiachwa hukauka. Huu ulikuwa umekaa kabatini wiki nzima, sanduku limefungwa, ufunguo mfukoni mwake. Aliugusa. Mate yalikuwa ya vuguvugu. Akaunusa, akapata harufu ya kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

"Uzee huu," alijisemea, akaufuta kwa shati, akautia mdomoni. Mtu mzima hovyo.

Jina la Mapafu alipewa na mashabiki kwa ajili ya noti moja ndefu iliyofunga kila wimbo aliotunga. Wenzake wakiivuta sekunde ishirini huona nyota. Yeye alifika arobaini, na akishusha saksafoni hakuwa anatweta hata kidogo. Magazeti yaliandika kwamba ni kipaji. Naye alikubali, maana sifa nani huzikataa?

Aliyemhesabia sekunde alikuwa binti yake. Tangu ana miaka saba aliketi kwenye kigoda mbele ya baba yake, akihesabu kwa sauti mpaka noti ikatike. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa, ameachika na kurudi nyumbani, na bado akisikia saksafoni huacha pasi akaja kuketi.

"Leo usiniaibishe, baba," alitania. "Ukikatia thelathini nawatangazia majirani."

Akapuliza. Binti akahesabu, akapita thelathini, akapita arobaini, na kwenye arobaini na tatu sauti yake ikakatika. Mzee alifumbua macho. Binti alikuwa ameshika koo kwa mikono miwili, midomo imekuwa rangi ya majivu, kifua hakipandi wala hakishuki. Mzee aliposhusha saksafoni, hapo tu, hewa ikamrudia kwa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta.

Ni aibu kulisema, lakini jambo la kwanza aliloliwaza mzee lilikuwa kwamba arobaini na tatu hajawahi kuifikisha maishani mwake.

"Vumbi tu, baba," binti alinong'ona. "Endelea."

Hakuendelea. Alimkumbuka mkewe, aliyeanguka akafa jikoni mwaka wa santuri ya kwanza. Akamkumbuka mama yake mzazi, aliyemfuata mwaka wa santuri ya tatu. Madaktari waliandika pumu mara zote mbili. Na mara zote mbili yeye alikuwa sebuleni, anafanya mazoezi.

Jumatano alikwenda kwa mganga, mama mmoja aliyeshona nguo mchana kutwa na kutibu wenye majini katikati ya kushona. Mama huyo alikinusa kipulizio bila kukigusa.

"Hiki ulikipata wapi?"

"Changu hicho."

"Mzee wangu, mimi si mwandishi wa habari."

Basi akasema. Katika bendi aliyoanzia, mpuliza ala akifa, aliyekuwa akikaa ubavuni mwake hukivunja kipulizio chake kwa nyundo pale kaburini, kwani pumzi ya marehemu hairithiwi. Rafiki yake, mwenye noti ndefu kuliko wote, alikufa akiwa na miaka thelathini na mitatu. Nyundo akapewa yeye. Akavunja kipulizio chake mwenyewe, na cha rafiki yake akakitia mfukoni. Nani angejua? Watu wote walikuwa wanalia, na yeye alikuwa analia kuliko wote.

"Humo mna jini," mganga alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye cherehani. "Rafiki yako alimlisha pumzi yake mwenyewe mpaka ikamwishia. Wewe umemnyima yako, kwa hiyo anakula za watu wa nyumbani mwako. Kivunje kabla hujapanda jukwaani. Kwa mkono wako."

"Na muziki wangu?"

Mganga alisimamisha cherehani. "Umebaki na nani nyumbani?"

"Binti yangu."

"Halafu unaniuliza muziki?"

Siku hiyo hiyo alikiweka kipulizio kwenye ngazi ya uani, akainua nyundo. Jua lilikuwa kali. Akakisikia kinavuta hewa, polepole, kama mtoto anayejisingizia usingizi, na harufu ile ya njaa ikapanda mpaka puani, na ndani ya mvumo ule akasikia mwanzo wa wimbo ambao hakuwa ameutunga bado, mzuri kuliko zote alizowahi kutunga, ukamfuata kidogo kidogo mpaka mkono wenye nyundo ukashuka wenyewe bila kupiga.

"Baada ya onyesho," alisema. Akanunua kipulizio kipya dukani, akaona ametimiza wajibu.

"Jumamosi baki nyumbani," alimwambia binti. "Kifua chako hicho."

"Nani atakuhesabia, basi?" Binti alicheka. "Nimeshanyoosha gauni."

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Kwa kipulizio kipya alipiga nyimbo tatu, na saksafoni ikalia kama bata. Watu wa nyuma walianza kutazama simu. Katika mstari wa pili mtu alimnong'oneza mkewe, "Mzee kaisha huyu." Masikio ya mwanamuziki hayazeeki, akalisikia.

Mkono ukaenda mfukoni. Cha marehemu kilikuwa humo. Asiseme mtu kwamba alikisahau.

Akakifunga, na ukumbi ukanyamaza kwenye noti ya kwanza. Binti yake, kiti cha mbele, aliinua vidole kumhesabia, na noti ndefu ikapanda, ishirini, thelathini, watu wakaanza kusimama, arobaini, binti naye akasimama lakini vidole vilikuwa vimeacha kuhesabu na kushika koo, na baba alimwona, alimwona waziwazi chini ya taa, mdomo wazi, macho kwake, na makofi yalipoanza kupigwa yakaifunika sauti ya kiti kilichoanguka, na mzee alijua kwamba akitoa saksafoni mdomoni sasa hivi hewa itamrudia mwanawe kama ilivyorudi Jumatatu, alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Zilikuwa zimebaki baa mbili za muziki, sekunde chache tu, wimbo uishe.

Akazimaliza.

Siku ya nne baada ya mazishi, waombolezaji waliondoka mmoja mmoja. Mzee alilia kweli, hadi macho yakavimba, hilo asidhulumiwe. Kisha simu ikalia: ukumbi mwingine, mkubwa zaidi, unamtaka mwezi ujao. Akaenda kabatini, akafungua sanduku. Mwanzi ulikuwa umelowa, na ndani ya nyumba hapakubaki kifua isipokuwa chake.

Alilibeba sanduku hadi sebuleni. Halafu akatoka kibarazani, ambako mdogo wake wa kike, mjane aliyekuja kumpikia siku za msiba, alikuwa anafunga begi.

"Mdogo wangu, unakwenda wapi? Nyumba yote hii, niachwe na kuta? Chumba cha marehemu kipo."

Dada akafuta machozi kwa kanga. "Kaka, ungenihitaji ungesema mapema. Nakaa."

"Na kifua? Hakikusumbui?"

"Kizima, namshukuru Mungu."

Mzee alichukua kigoda, akakiweka katikati ya sebule, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Hebu kaa hapa," alisema. "Unihesabie."