Wekundu wa Malkia

"Piii! Piii!"

"Bibi harusi, hata mashine inakuonea wivu!" Fundi mitambo alicheka mpaka akashika tumbo.

Mimi sikucheka. Kazi yangu hapa kituoni ni kulinda rangi zisivuke kipimo kabla picha haijaenda hewani. Zikivuka mashine inalia, maana kwenye televisheni za watu, wekundu utazidi na sura ya mtu itaharibika. Na siku hiyo picha ilikuwa ya kwangu: video fupi ya uchumba wetu, irushwe mchana kutupongeza, harusi Jumamosi. Aliyeihariri ni mchumba wangu mwenyewe.

Nikairudisha mwanzo. Gauni langu la bluu, kimya. Maua, kimya. Uso wangu: piii!

Nikamtumia ujumbe: "Umeifanyaje sura yangu?"

Akajibu: "Nimekupendezesha tu mpenzi. Kwani vipi?"

"Nakuja huko."

Chumba chake cha kuhariri kilikuwa na giza kama kawaida. Nikamwambia afungue kazi yake nione. Juu ya kila picha yenye uso wangu kulikuwa na rangi alizozihifadhi zamani, amezipa jina: MALKIA.

Mwili ulinisisimka. Malkia alikuwa mtangazaji wetu, na alikuwa mke wake. Tulimzika. Taa za studio zilikuwa zikimfanya apauke, ndiyo maana mumewe alikuwa akimwongezea wekundu. Mimi sipauki.

"Mkono umezoea," akasema taratibu. "Naongeza tu mpaka uso ukae sawa."

"Sawa na wa nani?"

Akageukia kioo cha kompyuta. Halafu kwenye spika, ikatoka ile sauti ya kati ya vipindi ambayo kituo hakijawahi kuibadilisha: "Endelea kuwa nasi." Sauti ya Malkia. Wallahi nywele zilinisimama. Yeye alifumba macho, akatabasamu.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira.

"Umenivisha sura ya marehemu! Zitoe!"

"Siwezi."

"Basi harusi hakuna. Siwezi kuolewa na mtu anayemfukua mkewe kwa uso wangu!"

"Usiseme hivyo, mama."

"Nimeshasema. Chagua."

Aliishika mausi. Akaiachia. Akaishika tena huku machozi yanamtoka, mtu mzima yule. Akabonyeza.

Kwenye kioo, uso wangu ukabaki kama Mungu alivyoniumba. Akausogelea, akautazama kama mgeni aliyebisha hodi.

"Hilo kovu kwenye nyusi... umelipata lini?"

"Utotoni."

"Utotoni?"

"Muda wote huu tuko pamoja, ndiyo unaliona leo?"

Akajifunika uso. "Nisamehe. Niliogopa nikikuona wewe, yeye ataondoka kweli."

Nilitaka kumtukana, moyo ukakataa. Nampenda, nifanyeje?

"Alishaondoka, baba. Mimi ndiye niliyebaki nakusubiri."

Nikairudisha video kwenye mashine yangu. Ikapita mwanzo mpaka mwisho, haikulia hata mara moja. Simu ikaita. Yeye.

"Mpenzi... Jumamosi bado ipo?"

"Jumamosi nitakuja bila hata poda. Ukinitambua, tuoane."