Togwa ya Shukrani

Kilichomshtua Lidwina kwanza kilikuwa inzi. Mumewe Pankrasi alikuwa ameketi kibarazani, nyumbani kwao Msamala, akilalamika jinsi mbolea ilivyochelewa mwaka huu. Inzi akatua juu ya mboni ya jicho lake, akatembea, akasugua miguu, wala jicho lile halikupepesa.

"Baba Aidan, inzi," alisema Lidwina.

"Wapi?" aliuliza Pankrasi, akaendelea na habari za mbolea.

Wiki chache kabla ya hapo, madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani na ini lililokwisha, wakamwambia mkewe ampe chochote atakachotamani. Ndipo alipokuja Alfani, Myao wa Tunduru, dalali wa vito na mtani wa Pankrasi tangu ujana.

"Shemeji, Mngoni huyu mimi simziki," alisema Alfani, akicheka huku machozi yakimlengalenga. "Mwili wote huu, nani atalichimba hilo kaburi? Afadhali aishi." Akatoa mfukoni jiwe la kijani, kubwa kama yai la njiwa. "Litumbukize mtungini, anywe maji yake. Jiwe halitoi uhai, nisikilize vizuri. Linamzuia tu yule anayekuja kuuchukua."

Lidwina alikuwa mwanamke wa sala. Alijua kwamba Mungu aliweka makerubi na upanga wa moto kuilinda njia ya mti wa uzima. Ila hakuwa amewahi kufikiri kwamba upanga ule ulikuwa huruma. Nani atamhukumu? Alimtazama mumewe akitapika damu, akalitumbukiza jiwe.

Pankrasi akainuka. Jumapili iliyofuata jumuiya yao ndogo ndogo ikaja kusali sala ya shukrani, na Lidwina, kwa furaha, akawapikia togwa kwa maji ya mtungi ule ule, kwa kuwa aliona si haki kuwanyima majirani baraka aliyopewa. Kama ilivyo desturi, aliyeipika aliionja kwanza mbele ya wageni. Kisha akampa Bibi Notburga, mzee kuliko wote, ambaye kila jioni alimwomba Mungu jambo moja tu, kifo chema.

"Tamu hii, mwanangu," alisema bibi, akijipangusa midomo. "Niongeze. Nikifika mbinguni nitakusifia."

Wote walikunywa, wakacheka.

Baada ya inzi ikaja harufu, harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, ambayo sabuni haikuiondoa mwilini mwa mumewe. Kisha ikaja sauti. Mchana, nyumba ikiwa kimya, jikoni palisikika mtu akinywa mtungini, funda moja, kimya, funda jingine; na Lidwina alipofunua kifuniko aliyakuta maji yametulia, yana uvuguvugu kama mate. Vidole vya Pankrasi vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi.

"Mama Aidan," alinong'ona siku moja, "mimi nilikufa Jumanne ile nilipoinuka."

"Usiseme hivyo, mume wangu."

"Nilikufa. Niliuona mlango, nikamwona marehemu mama amesimama pale na khanga yake ya kanisani, akininyooshea mikono, na huyu aliye ndani yangu akanishika kifundo cha mguu akanirudisha, na kila siku nafika pale na kila siku ananirudisha, nami naoza huku nakusikia ukiniombea uzima. Nakusihi, usiniombee hivyo tena."

Lidwina alitoka uani, akampigia simu Alfani.

"Niambie lilikotoka."

"Shimoni, shemeji. Wachimbaji walimkuta mtu chini kabisa, chini ya kokoto, wala hakuna ajuaye alifukiwa lini. Alikuwa nalo kinywani."

"Maiti?"

"Walipolitoa, aliomba maji."

"Mkamfanya nini?"

"Tulifukia. Mungu atusamehe, tulifukia. Nilijua tu kwamba aliye nalo hafi. Nilimpenda mtani wangu, sikufikiri zaidi ya hapo."

Jioni ile Padre Osmund, aliyeitwa na Lidwina, alikuja na msalaba na maji ya baraka, akapiga magoti kando ya kitanda. Na alipolitaja Jina lipitalo majina yote, mtungi ulianza kutetemeka jikoni, na harufu ya kaburi ikajaa chumba hata taa ikafifia, na kinywa cha Pankrasi kikafunguka, ulimi ukiwa umetulia, ikatoka humo sauti ambayo haikuwa yake, isiyo na hasira wala haraka.

"Huyu mchukueni. Amechakaa. Nimekwisha karibishwa kwingine."

Kope za Pankrasi zikashuka. Padre aliuvunja mtungi; jiwe lililokuwa kijani lilikuwa jeupe, jepesi kama ganda la yai. Lidwina alilia, akamshukuru Mungu kwa mauti, asikumbuke alilolisikia kanisani tangu utotoni, kwamba pepo mchafu akimtoka mtu huenda akitafuta mahali pa kupumzikia.

Asubuhi waombolezaji walijaa. Bibi Notburga aliketi mkekani karibu na jeneza, rozari mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele na milele, amina," waliitikia wote.

Alianza sala yake ya kuomba kifo chema, nayo jumuiya nzima ikamfuata kwa sauti moja. Lidwina aliinua uso. Inzi alikuwa ametua juu ya mboni ya jicho la bibi, akitembea polepole. Na bibi alisali, wala hakupepesa. Lidwina akamtazama jirani yao Getruda aliyekuwa pembeni yake, akamtazama Valence mlangoni, na kila aliyekunywa togwa ile alikuwa na macho makavu, yaliyo wazi, na harufu ile ya udongo haikuwa ikitoka jenezani.

Akageuka kumtafuta Padre Osmund, apige kelele. Padre alikuwa amekwisha simama mbele yake, uso umempauka. Taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala, aliinua mkono, akafukuza kitu kwenye jicho la kushoto la Lidwina, kitu ambacho Lidwina hakukihisi.