Jina Ambalo Halijazikwa

Mara ya kwanza Silvana aliposikia harufu ya dagaa wabichi ndani ya chumba cha gemu, aliwalaumu vijana. Alisimama mlangoni na ndoo yake ya kudekia, akauliza nani kaja na samaki mfukoni. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na samaki.

Mara ya pili alikuta benchi limelowa. Ilikuwa Julai, na Sumbawanga ya Julai ni upepo mkavu unaopasua midomo. Mvua watu walikuwa wameshaisahau. Alilifuta benchi, akakamua tambara, akaona maji yameacha mchanga kwenye vidole vyake. Mchanga mweupe, wa ufukweni. Akaumwaga nje. Mwanamke mwenye maharage motoni hana muda wa kuuliza mchanga umetoka wapi.

Chumba hicho zamani kilikuwa sebule. Mumewe alipofariki, Silvana alitoa makochi, akaweka runinga mbili, mashine ya gemu na mabenchi, akamkabidhi mwanawe Flavian awe msimamizi. Yeye alibaki jikoni nyuma, akipika wali maharage wa kuwauzia mafundi gereji wa pale Kasense. Kutwa alisikia vijana wakipiga kelele za magoli. Alishazoea.

Kilichobadilika ni kwamba siku chache kabla ya harufu ile, walikuwa wamenunua gemu jipya.

Habari aliileta Kasmir, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo. Aliingia akihema, simu mkononi.

"Punguzo limeanza! Robo ya bei, washikaji. Robo! Jumapili bei inarudi kule kule juu."

"Lile la farasi na majoka?" aliuliza Benjamini, dereva wa bodaboda ambaye pikipiki yake ilishinda zaidi nje ya chumba kile kuliko barabarani.

"Lile lenyewe. Dunia huria, mzee. Hupangiwi njia. Ukiona mlima, unapanda. Ukiona ziwa, unaogelea."

"Mlima nauona hapo nje bure. Mteja anataka mpira, bwana. Nani atakaa kumtazama mtu anachuma majani porini?"

"Yale majani anapikia dawa."

"Basi aje kwa Mama Fla, kuna mchicha."

Walicheka. Wakabishana kuhusu bando, maana gemu lilikuwa zito na mtandao wa pale ulikwenda kwa mwendo wa konokono. Wakabishana kama wasubiri Desemba, huenda punguzo likawa kubwa zaidi.

"Desemba ulisema mwaka juzi," Kasmir alimwambia Benjamini. "Na mwaka jana."

Silvana alitoa kichwa jikoni. "Huyo mpanda farasi wenu ataninunulia umeme wa luku?"

"Mama Fla, watu watajaa hapa kuangalia tu!"

"Macho hayalipi."

Angekataa kabisa. Lakini Flavian alisema polepole, "Kaka alilitaka sana hili." Silvana akarudi jikoni, nao wakajua ameruhusu.

Kaka huyo alikuwa Mboje, mtoto wake wa kwanza. Alikwenda Wampembe, kando ya ziwa, kufanya kazi ya uvuvi, na siku moja mtumbwi ukarudi na wenzake bila yeye. Ziwa halikumtoa. Padre alisoma misa, Silvana akadhani imetosha. Lakini kwa kina mumewe kulikuwa na utaratibu mwingine. Aliyemezwa na maji, jiwe la ziwani huzikwa mahali pake, na mama yake husimama juu ya kaburi akataja jina na kusema kwa kinywa chake kwamba mwenye jina amekufa. Kabla ya hapo jina halitajwi. Ndiyo maana majirani, waliokuwa wakimwita Mama Mboje tangu ujana wake, walianza kumwita Mama Flavian.

Silvana kila mwaka alisema watazika baada ya mavuno. Akiulizwa habari za mwanawe, alijibu neno moja: "Hajarudi."

Gemu lilipofunguka lilitaka jina la mhusika. Flavian alikuwa ameshamchonga sura kwa kubofyabofya: pua ile, masikio yale, hata kovu la unyusi wa kushoto. Kasmir alimwona anasita.

"Kuandika si kuita," Kasmir alisema. "Mwiko ni wa mdomo."

Flavian akaandika *Mboje*.

Labda angeishia kuandika tu, yasingekuwa haya. Lakini nani anacheza gemu kimya? Siku ile ile walikuwa wanapayuka, "Mboje, ruka! Mboje, mchome! Mboje kafa tena, hahaa, amka Mboje!" Wakati huo Silvana alikuwa sokoni asubuhi na mbele ya moto mchana, kelele za mle ndani alishaacha kuzisikiliza, na wao wakimsikia anakuja walishusha sauti. Kwa hiyo alichokijua yeye kilikuwa harufu, benchi na mchanga.

Jumamosi iliyofuata, mama mkwe wake Rosina alikuja kutoka kijijini Nkasi kutibiwa macho. Mchana huo alikaa kwenye kigoda jikoni akipepeta ulezi kwa kupapasa. Silvana alikuwa anatwanga chumvi ya mawe kwa jiwe lake, jeusi, laini, la kuenea kiganjani. Mle ndani vijana walikuwa watatu tu, wateja walikuwa wameanza kukwepa ile harufu.

"Kakwama tena," ilisikika sauti ya Benjamini. "Nabonyeza kushoto, yeye anakwenda ziwani."

"Ni hitilafu," alisema Kasmir. "Watarekebisha."

"Jana tulizima kasimama nchi kavu, leo tumemkuta kwenye maji kifuani. Nani kamtembeza?" Kisha Benjamini, ambaye hakuwahi kukaa na hofu bila kuifanyia utani, akapaza sauti: "We Mboje, mjinga nini? Ziwa lishakuua mara moja, bado unalifuata?"

Ungo ulianguka mikononi mwa bibi Rosina.

"Silvana," alinong'ona. "Wanamwita nani?"

Ukuta ulitikisika kwa kishindo cha kitu kizito, kikafuata kishindo cha pili, na cha tatu. Silvana alikimbilia mle ndani na jiwe lake mkononi. Benjamini alikuwa amebandikwa ukutani juu ya runinga, miguu ikining'inia, na hakuna mtu aliyemshika. Kitu kilimvuta nyuma kama mtu anavyovuta mchi, kikamtwanga tena ukutani, na mfupa wa bega ukachomoza kupitia fulana. Alipofumbua mdomo apige yowe, yalitoka maji. Yalitoka mengi, ya baridi, yakimwagika kifuani pamoja na dagaa walio hai waliorukaruka sakafuni. Kisha kikamwachia, akaanguka juu ya benchi, nalo likavunjika.

"Zima!" alipiga kelele Silvana. "Zima hicho kidude!"

Kasmir alichomoa waya ukutani. Picha haikuzimika. Yule kijana wa kwenye runinga alikuwa bado amesimama ndani ya ziwa, amewapa mgongo, jina lake likielea juu ya kichwa kwa herufi nyeupe; na polepole, bila mtu kubonyeza chochote, akaanza kugeuka.

"Lifute!"

"Nikilifuta linabaki kwenye akaunti, mama," Kasmir alikuwa analia. "Likishanunuliwa limenunuliwa."

Kioo cha runinga kilipasuka. Kipande kimoja kilimchana Kasmir kutoka sikioni hadi kidevuni, akakaa chini huku akishika shavu kana kwamba anazuia lisidondoke. Flavian aliiokota ile pedi ya kuchezea ili aitupe nje, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu vidole vyake vilijifunga juu yake, akakaza, akatikisa mikono, akaipiga pedi sakafuni mpaka ngozi ya viganja ikachubuka, lakini mikono ilikataa kufunguka, na shingo yake ikaanza kuvimba kwa maji yaliyokuwa yakipanda kutoka tumboni, yakimtoka puani, yakimtoka masikioni, hadi mboni za macho zikageuka nyeupe na kinywa chake kikaongea kwa sauti ya mwingine.

"Mama. Nimerudi."

Ilikuwa sauti ya Mboje. Yenyewe kabisa, na kile kikwazo kidogo cha ulimi kwenye herufi ya r, alichokuwa nacho tangu utotoni. Mdomo wa Silvana ulikuwa umeshafunguka aitike, pale kiganja cha bibi Rosina, chenye harufu ya ulezi, kilipomziba.

"Usiitike!" bibi alimnong'oneza kwa ukali. "Huyo si mwanao. Hilo ni jini la ziwani, limeokota jina lililoachwa wazi kama mlango. Jina halijazikwa, nao wameliita kutwa kucha. Ukiitika tu, Flavian anakwenda nalo."

"Nifanyeje, mama?"

"Lifunge. Wa kusema amekufa ni wewe uliyemzaa. Jiwe la ziwani tungelipata wapi sasa hivi, Mungu wangu..."

Silvana alitazama mkono wake. Jiwe lile jeusi Mboje ndiye aliyemletea, likizo yake ya kwanza, kutoka ziwani Wampembe. "Mama, la kutwangia," alisema siku ile, akicheka, maana hakuwa na zawadi nyingine. Tangu hapo lilikuwa limetwanga chumvi, vitunguu saumu na karanga, kila siku ya Mungu.

"Mama," kinywa cha Flavian kilisema. Uso ulikuwa umeshakuwa wa bluu. "Kuna baridi huku. Nifungulie."

Silvana alipiga magoti. Akaikandamiza mikono ya Flavian sakafuni kwa goti lake, katikati ya dagaa na damu, akainua jiwe.

"Mboje amekufa," alisema, akapiga.

Kidole cha kwanza kilivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Kitu kilichokuwa ndani ya Flavian kilipiga yowe, na mabati yote ya nyumba yakanguruma. Meno ya mwanawe yaliuma mkono wake, yakaingia hadi mfupani, hakuutoa.

"Mboje amekufa. Maji yalimchukua." Akapiga. "Hatarudi." Akapiga. "Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi ndiye ninayesema, amekufa, amekufa, mwanangu amekufa!" Alipiga kama mtu anayewahi chumvi kabla sufuria halijachemka, alipiga huku mkono wake mwingine ukitafunwa, alipiga na sauti ile ikibembeleza, ikitukana, ikilia kama mtoto mchanga anayetaka ziwa, mpaka hakukuwa na kidole cha mkono wa kulia kilichobaki kizima, na pedi ikaponyoka, ikateleza sakafuni hadi ukutani.

Flavian alitapika ndoo nzima ya maji. Kisha akavuta pumzi, na kilio kilichofuata kilikuwa cha kwake.

Jiwe walilizika jioni hiyo hiyo nyuma ya nyumba, limeviringishwa kwenye kipande cha mkeka. Bibi Rosina alinyunyiza unga wa ulezi, Silvana akasema maneno yake tena, safari hii kwa utaratibu, mkono wake ukiwa umefungwa kanga. Hospitalini walidanganya kwamba pikipiki ilianguka na vijana watatu. Daktari aliutazama ule mkono wa Silvana wenye alama za meno, akaacha kuuliza.

"Sasa limeondoka?" Silvana alimuuliza mama mkwe siku ya kumsindikiza stendi.

Bibi alifikiri. "Mwanao amelala. Hilo nakuhakikishia. Yule mwingine hakuwa wako hata siku ya kwanza, kwa hiyo mimi na wewe hatuna kaburi la kumwekea."

Chumba cha gemu kikafungwa, makochi yakarudi. Majirani wengine wakaanza tena kumwita Mama Mboje, naye aliitika, kwa kuwa sasa lilikuwa jina la marehemu kama majina mengine ya marehemu. Bega la Benjamini lilipona upande upande. Kasmir alirudi chuo na mshono wake. Flavian alijifunza kushika kijiko kwa kushoto. Hakumlaumu mama yake, wala hawakulizungumza.

Mwezi Desemba Silvana alikwenda mjini kununua mchele. Alipokuwa anarudi alipita kwenye kibanda kingine cha gemu, mlango wazi, watoto wamejaa mpaka nje. Hakukusudia kusimama. Ilikuwa ile harufu.

"Punguzo la Krismasi, mama," alieleza kijana mmoja aliyemwona anachungulia, akadhani anashangaa picha nzuri. "Gemu jipya. Unacheza mtandaoni, unakutana na watu wa dunia nzima."

Kwenye runinga kulikuwa na ziwa. Katikati yake, maji kifuani, alisimama mtu amewapa mgongo.

"Huyo nani?" aliuliza Silvana.

"Hatumjui. Kila tukiingia tunamkuta. Hapigani, hasogei. Ana jina hapo juu, ngoja." Kijana aliinama karibu na kioo, akakunja uso asome. "M... Mbo..."

Silvana alimpiga kofi la mdomo.

Watoto wote waligeuka. Kijana alishika midomo, macho yamemtoka. "Mama! Nimekukosea nini? Kwani unamfahamu?"

"Simfahamu," alisema Silvana. Ilikuwa kweli.

Mtu wa kwenye runinga akaanza kugeuka, polepole, na mtoto aliyekaa mwisho wa benchi akainuka ghafla akijishika nyuma ya kaptula, akiuliza nani kamwaga maji.

"Mama. Nimerudi," ilisema spika, kwa ulimi ule unaokwama.

Silvana aliinua mfuko wake wa mchele akaondoka. Nyumbani alikuwa ameacha maharage motoni.