Siri Yangu Iliyoombewa Dua

Nimwambie mama au nisimwambie? Swali hilo liliniondolea usingizi muda mrefu...

Nina miaka ishirini na minne, nimemaliza uhasibu chuo kikuu, naishi ughaibuni, mtaa wa Doonside, na mama yangu, mtu wa Tanga. Nilizaliwa nikaitwa mvulana, lakini tangu utotoni najijua kuwa msichana.

Nilisikia kuna kituo cha jamii kinachowasaidia watu kama mimi. Kupiga simu niliogopa. Je, wakipiga nyumbani? Je, wakinicheka? Basi nikamwendea Bi Rehema wa mtaa jirani wa Quakers Hill, anayewaunganisha Waswahili wenzetu na huduma. Kila mgeni hupitia kwake. Ningemwamini nani kama si yeye?

Nilipomweleza yote, alinifuta machozi kwa mtandio wake. "Jambo hili limeishia hapa, mwanangu," akasema. "Kituo nitakitafuta mimi."

Nikangoja... Namba ya kituo sikupewa.

Ikaja Jumapili ya kisomo nyumbani kwake. Wanaume tulikaa sebuleni, kina mama upande wa pili wa pazia. Ndiyo, hata siku hiyo niliketi na wanaume! Kabla ya dua, nikamsikia Bi Rehema akiomba wenzake wamwombee "mtoto wa mwenzetu wa Doonside, msomi, anataka kugeuka mwanamke."

Doonside Waswahili ni sisi tu.

"Usomi huo!" mmoja akasema, wakacheka.

Mama alikuwa jikoni akipakua pilau. Akatoka na mwiko mkononi. "Rehema, unamwombea mwanangu jambo ambalo mimi mamake sina habari nalo?"

"Nimefanya kwa mapenzi, dada."

Garini mama hakunitazama. Tulipofika ndipo aliposema, "Ungeniambia wewe, ningelia. Kuambiwa na ukumbi mzima... hilo sijui nilifanye nini."

Nilikuwa nimetafuta maneno ya kumwambia kwa upole. Bi Rehema aliyatumia yote kwa sentensi moja.

Wenzangu, msimpe mtu siri yenu kwa sababu tu anazungumza lugha yenu. Muulizeni kwanza: kazi yako inakulazimisha kunitunzia siri? Kama hailazimishi, nyamazeni.

Mama bado hasemi nami sana, ila chakula changu hukifunika.

Siku ya pili baada ya kisomo niliitafuta namba mwenyewe, nikapiga simu kituoni. Waliniuliza jambo moja kwanza: ningependa kuitwa nani?

"Salma," nikasema. Kisha nikavaa viatu, nikaenda.