Alama za Olesia

Haya yalimkuta rafiki yangu Halina, siku ile moja ya mwaka tunayoruhusiwa kurudi kijijini kuwawekea wafu wetu mayai mekundu ya Pasaka makaburini. Tulihamishwa tukiwa watoto, mtambo wa nyuklia ulipolipuka.

Halina alitaka pia udongo wa nyumbani, akaumwage kwenye kaburi la mdogo wake Olesia, aliyefia mjini kwa saratani ya damu akiwa na miaka tisa.

“Mama, udongo huo hautoki hapa,” mlinzi wa eneo hilo lililofungwa alimwambia, kipima mionzi kikilia tik-tik kiunoni mwake. “Unataka kuwaua na wajukuu?”

“Basi niingie tu niiage nyumba yetu, mwanangu.”

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao, na ndani giza lilikuwa totoro. Mlio wa kipima mionzi ulizidi kadiri Halina na mlinzi walivyousogelea mlango wa jikoni, kisha ukakatika ghafla.

Halina akawasha tochi. Kwenye mwimo wa mlango huo baba yao alikuwa akiwapima kimo kila Pasaka, akichonga alama kwa kisu. Za Olesia ziliishia miaka sita, walipohama.

Sasa zilikuwa zimepanda, mwaka juu ya mwaka, hadi usawa wa macho ya Halina. Ya mwisho ilikuwa mbichi, na vumbi lililotanda chini yake halikuwa na unyayo hata mmoja.