Gidion Alinielekeza Terrat

"Dada, huku hakuna msiba."

Mama aliyeniambia hivyo alikuwa anapepeta maharage nje ya duka lake, Terrat, Arusha. Mimi nimesimama mbele yake, kitenge kiunoni, begi begani. Sijui nigeukie wapi.

Na baba yangu anazikwa mchana huohuo.

Naitwa Naisiae. Ni Mkenya, wa Kitengela. Baba, Mzee Abdiel Nnko, alikuwa mtu wa Arusha. Alikuja kwetu kila mwezi, lakini hakuwahi kunipeleka kwake. Huko alikuwa na mke na watoto wengine. Mkubwa wa wote ni mimi.

Alipofariki, aliyenipigia simu ni Gidion, mdogo wangu wa huko. Hatukuwahi kuonana.

"Ukishuka Sakina, panda gari za mjini. Mjini ulizia za Terrat. Ukifika, kila mtu anapajua msibani."

Nikafanya hivyohivyo. Sakina nilimwuliza konda stage ya kwenda town iko wapi. Akacheka.

"Stage ndiyo nini, dada? Sema kituo. Wa Kenya wewe. Ingia."

Mjini nikabadilisha gari. Nikashuka Terrat. Nikampigia Gidion.

Simu imezimwa...

"Marehemu ni nani?" yule mama akauliza.

"Abdiel Nnko."

Akaacha kupepeta.

"Nnko? Huyo si Mmeru? Mmeru azikwe huku Umasaini kufanya nini, mwanangu? Anazikwa shambani kwake, kwenye migomba. Rudi mjini, panda gari za Usa, uendelee mpaka Maji ya Chai. Ulizia huko. Nani kakuleta huku?"

"Mdogo wangu."

Akaniangalia kidogo.

"Basi wahi."

Mnaosoma hapa, sikuwa nikitaka kurithi shamba. Baba aliwahi kuniambia kwamba kwao mjane ndiye anayetupa udongo wa kwanza, halafu mtoto mkubwa. Nilitaka huo udongo tu.

Gari la Usa lilikuwa linasubiri abiria.

"Tulia dada, bado watu wawili," konda akasema.

"Namzika baba."

Akatazama kitenge changu. Akapiga bati.

"Twende, dereva. Hao wawili tutawakuta njiani."

Mlima Meru ulikuwa kushoto kwangu njia nzima. Niliutazama tu. Sikuhisi kitu.

Maji ya Chai nikachukua boda.

"Msiba wa Mzee Nnko? Panda. Ila kanisani wameshatoka."

Tulipofika, vijana walikuwa wanafukia kwa makoleo. Jeneza halionekani tena.

Kijana mmoja akatoka kwenye watu, akanijia haraka. Paji la uso la baba kabisa.

"Umefikaje huku?" alinong'ona.

"Kwa gari."

"Dada, nisamehe. Mama hajui kama upo. Nilitaka azike kwanza, ndipo nikufuate Terrat..."

"Gidion, huyo ni Naisiae?"

Mjane alikuwa nyuma yake, ameshikiliwa na wanawake wawili.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Kila Krismasi nilimwambia baba yenu amlete huyu mtoto. Ananijibu, tuache kwanza, Gidion atakasirika."

Gidion akainamisha kichwa.

"Leo nikadhani umepewa habari, ukakataa kuja," mama akaniambia.

Kisha akawainulia mkono wale vijana.

"Subirini. Mkubwa hajatupa udongo."

Wakasimama, makoleo mikononi. Nikainama, nikachota, nikatupa. Ukadondoka juu ya udongo mwingine, hata sauti haukutoa.

Sikulia. Mpaka leo naandika hapa, bado.

Kama kuna mtu unamficha jambo ili asiumie, muulize kwanza. Nyumba ile nzima walikuwa wanafichana jambo ambalo kila mmoja alikuwa analijua. Na mimi jeneza la baba yangu sikuliona.